Mwaka wa Wadudu Wawili

Habari za kifo cha Dokta Anaeli zilinikuta nikichambua mchele, na jambo la kwanza nililofanya ni kuendelea kuchambua. Simu ilikuwa juu ya friji. Mwanangu akausoma ujumbe kwa sauti. Mwili utaagwa kesho nyumbani kwa dada yake, Ilala, kisha utasafirishwa kwenda Moshi kwa mazishi. Nikasema haya, nikatoa chuya mbili tatu, nikamwomba asome tena. Watu wanaonikumbuka enzi za ile maabara ya Kariakoo hudhani Dokta alikuwa mwalimu wangu na kwamba nampenda kwa hilo. Ni kweli alinifundisha. Lakini mpaka leo, pamoja na mvi zote hizi, sijajua kama alinifundisha jema au baya, na mtu akiniuliza namkasirikia bure. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na miwili. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani hayatakusaidia. Hayakunisaidia hata mimi.

Maabara ilikuwa chumba kimoja na nusu, ghorofa ya pili, juu ya duka la jumla la vitenge. Ile nusu ilikuwa ujia, wagonjwa wakikaa kwenye benchi na magoti yao yakigusa ukuta wa pili. Mwenyewe alikuwa Mama Ndeshi, muuguzi mstaafu kutoka Machame, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyeamini kabisa kwamba Mungu ndiye aliyemleta Bongo kuwapima watu damu. Msomaji wa slaidi nilikuwa mimi. Nilikuwa na cheti changu, koti langu jeupe, na hadubini ya zamani yenye kioo chini badala ya taa, kwa hiyo mgao wa umeme haukunisumbua: niliisogeza dirishani, nikakigeuza kioo mpaka kikadaka jua, nikaendelea na kazi. Huko chini wabeba mizigo walipiga kelele, "Pisha! Mzigo huo!" na kila robota la vitenge lilipogonga ngazi, damu za watu zilitetemeka chini ya jicho langu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Mtu wa Dar akipimwa malaria haulizi kama anayo au hana. Anauliza: wadudu wangapi? Na akishaambiwa, habari hiyo anaibeba mtaani. Nina wadudu wanne, anasema, na mwenzake anajibu kuwa yeye juzi alikuwa nao watano na bado alikwenda kazini. Kwa hiyo mteja amepanda ngazi na homa yake, kidole kimechomwa, amesubiri, halafu wewe unamwambia hakuna wadudu? Anakutazama kama umemwibia. "Mashine yenu mbovu hii," anasema, anateremka, anavuka barabara na kuingia maabara ya ng'ambo. Mama Ndeshi alinifunda siku ya kwanza kabisa. "Somoe mwanangu, mtu hapandi ngazi zote hizi kuja kuambiwa hana kitu. Usipoona, andika wawili. Wawili hawamuui mtu. Atameza vidonge vyake, atapumzika, atapona. Kwani homa ya mji huu isipokuwa malaria ni nini?" Alisema kwa upole, kama anayenielekeza chumvi iko wapi. Nikaandika wawili. Niliwaandikia wawili wabeba mizigo waliochoka, niliwaandikia wawili wauza duka waliokunywa maji mabaya, mpaka neno hilo likawa linatoka kalamuni kabla slaidi haijakauka. Wala sikujiona mwongo. Hilo ndilo linalonishangaza leo, maana nyumbani nilikuwa mtu wa kugombana na kila aliyepunguza ukweli kidogo.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti: vyumba sita, ujia mmoja, choo kimoja cha kugombea. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Tunu, mtu wa Lindi kama mimi. Tunu alikaanga samaki kwenye soko la Feri. Alfajiri alikuwa keshafika mnadani, saa sita mchana vibua vyake vimekwisha na nguo zake zinanuka mafuta, na akipita Kariakoo kurudi nyumbani alipanda ngazi zetu na bakuli lenye kifuniko, akisema amekuja kuwalisha wanyonya damu. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mume aliyekuwa Mtwara kwenye kazi za barabara. Alizungumza na hiyo mimba kutwa nzima, kwa sauti, hata mbele ya wateja. "Usinipige mateke mimi, aliyekwenda Mtwara ni baba yako." Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa kuzaliwa, na sisemi hivyo kupamba habari.

Dokta Anaeli alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mdogo wake Mama Ndeshi, mwembamba, miwani imefungwa uzi, amerudi kutoka masomoni Ulaya kumalizia tasnifu yake mahali ambapo, alisema, kuna kelele anazozielewa. Dada yake alimpa meza ya pembeni, kati ya friji na ndoo ya taka. Alikuwa akichunguza vimeng'enya, nami neno hilo nilikuwa nimelisoma shuleni kwenye habari za mate na tumbo, kwa hiyo wiki nzima ya kwanza nilidhani mtu huyu amekwenda Ulaya kusomea usagaji wa chakula. Aliyenitoa ujinga alikuwa Tunu. Tulikuwa tunakula, wali maharage na vibua vyake, magazeti yametandikwa juu ya meza ya kupokelea damu, jambo ambalo leo ningemfukuza mtu kazi kwa kulifanya.

"Hebu nambie Dokta," alisema Tunu. "Hao wadudu hawana mikono wala meno. Wanaingiaje kwenye damu?"

"Mbu ndiye anawaingiza."

"Mbu namjua, bwana. Nauliza kwenye hizo chembe. Somoe anasema wanakaa ndani ya chembe. Wanavunja mlango au wanafunguliwa?"

Dokta aliweka kijiko chini. Kwanza, alisema, hao si wadudu, ni protozoa, viumbe vya seli moja tu. "Ee, sawa, wadudu," akasema Mama Ndeshi. Dokta akachukua chapati laini, akaishika hewani, akabonyeza kipande cha ndimu katikati yake taratibu, mpaka chapati ikabonyea, ikaizunguka ile ndimu yote, ikafunga kwa nyuma. Akatuonyesha. Ndimu ilikuwa ndani na chapati haikutoboka. "Havunji na hafunguliwi," alisema. "Anaishika chembe kwa vishikio vilivyo juu ya ngozi yake, anajivuta, na chembe yenyewe inabonyea kumpokea. Lakini hapo kuna tatizo. Vile vishikio vilivyomsaidia kukamata ndivyo vinavyomzuia kupita. Ndipo vinakuja vimeng'enya. Ni kama mikasi, midogo mno, hata kwa hadubini ya Somoe huioni. Inakata vishikio vyake mwenyewe. Anaviacha nje, anateleza ndani."

"Anajikata mikono?" Mama Ndeshi aliguna. "Yesu wangu."

"Anajikata. Na sisi tunatafuta dawa ya kuuzuia huo mkasi. Mkasi usipokata, anabaki mlangoni ameng'ang'ania, kuingia hawezi na kuachia hawezi."

"Mwanamume wa namna hiyo namfahamu," alisema Tunu, nasi tukacheka mpaka benchi la wagonjwa likanyamaza kutusikiliza. Dokta alicheka pia, akaila ile chapati na ndimu yake. Lakini mimi nilibaki na swali la Tunu kichwani. Kama havunji, na hafunguliwi, basi kosa ni la nani? Nilirudi dirishani, nikatazama slaidi iliyokuwa na wadudu wa kweli, vile vipete vidogo vya zambarau ndani ya chembe, kila kimoja kimejikunyata kama mwenye nyumba. Mwaka mzima nilikuwa nimevihesabu bila kujiuliza vimefikaje. Nilimuuliza Dokta tena kesho yake na keshokutwa. Kila aliponieleza nilielewa, na nikifika nyumbani sielewi tena. Alisema hata yeye hali yake ni hiyo, ila yeye anapewa cheti.

Kwa ajili ya kujikumbusha sura za wadudu hao, Dokta alianza kuomba slaidi zangu nilizoziandika kuwa na wadudu. Nilimpa sanduku zima. Sijui nilifikiri nini; nadhani sikufikiri. Alizitazama asubuhi nzima pale dirishani, mimi nikiosha vioo, na mwishowe akaliita jina langu bila kugeuka. Nyingi hazikuwa na kitu. Nikamweleza desturi yetu kama nilivyokueleza wewe, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alisema mtu mwenye ugonjwa mwingine anatoka hapa na vidonge vya malaria mkononi, na ugonjwa wake unaendelea kumla. Alisema dawa zinazomezwa ovyo zinawafundisha wadudu kuzizoea. Kisha akasema jambo lililoniumiza zaidi: "Una jicho zuri, Somoe. Hulitumii." Mama Ndeshi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliondoka, akarudi na chai, akaiweka mbele yetu. "Andikeni mnachotaka," alisema. "Wateja wakihamia ng'ambo mtakunywa hiyo hadubini." Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu nilianza kuandika kweli. Niliwaambia watu hakuna wadudu, wakanitukana, nikasimama wima. Nilijisikia msafi kama nimeoga.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Tunu alikuja bila bakuli. Alikuwa na homa tangu jana, kiuno kinamuuma, mimba imetimiza miezi sita. Alikaa kwenye benchi kama mgonjwa mwingine yeyote na kunipa kidole. Sijawahi kusoma slaidi kwa uangalifu kama ile. Niliitazama nusu saa nzima, safu kwa safu, kama mtu anayetafuta sindano mchangani, huku yeye akinitania kuwa nimelala. Hakukuwa na kipete hata kimoja. Na mimi, niseme wazi, nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilifurahi kwa ajili yangu, kwamba nina shoga ninayeweza kumwambia kweli bila kutukanwa.

"Hata mmoja?" aliuliza.

"Hata mmoja. Pumzika, na usiende Feri kesho."

"Basi ni wewe," akaliambia tumbo lake, akaondoka akishikilia ukuta wa ngazi.

Siku nane baadaye, asubuhi, nilisikia wanawake wa nyumba yetu wakikimbia ujiani. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya fundi mmoja wa karakana, na kabla ya adhuhuri Tunu alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Yeye mwenyewe alipona. Nilisimama nje na chupa ya uji ambayo hakuna aliyeiomba, nikimsikia muuguzi mmoja akimwambia mwenzake kuwa ni malaria, nami nikasema moyoni kuwa huyo hajui kazi yake, maana nilisoma ile damu mimi. Nilikuwa na hakika hiyo mpaka saa tisa alasiri, Dokta aliponifuata maabara. Alikuwa amezungumza na daktari wa wodi, wamepaka tone la damu ya kondo la nyuma kwenye kioo. Akaitoa slaidi kwenye mfuko wa shati, imefungwa karatasi, akaiweka mwenyewe chini ya lenzi. "Tazama," alisema.

Walikuwa wamejaa. Sikuwahi kuona wengi namna ile, na sijaona tena katika miaka yangu yote ya kazi. Sikuhitaji kutafuta wala kuhesabu. Dokta alisimama nyuma yangu akizungumza taratibu. Mdudu akishaingia ndani ya chembe, hutuma vitu vyake mpaka kwenye ngozi ya nje ya chembe hiyo, nayo huanza kunata. Ikipita kwenye kondo inanasa huko, haizunguki tena mwilini. Kidole hakina habari. (Nilikuja kusoma baadaye sana kwamba hata vitu hivyo lazima vikatwe kwanza na kimeng'enya kingine ndipo vipate kutoka, mikasi tena.) "Ulisoma sawasawa," alisema. "Hukukosea, Somoe. Kwenye damu uliyopewa hawakuwamo."

"Kama sikukosea, mtoto wa Tunu amekwenda wapi?"

Aliitoa slaidi chini ya lenzi, akaifunga tena karatasi yake. Nikaona uso wake, nikajua kuwa naye amefika pale nilipofika mimi. Hii habari ya kondo aliijua. Alimwona Tunu na tumbo lake kila siku, alikula samaki wake, na aliponifundisha kusema kweli hakukumbuka kuniambia kuwa kuna kweli inayojificha. Na wiki moja kabla, kwa uvivu wangu na uongo wangu, ningeandika wawili bila hata kutazama. Tunu angemeza vidonge. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Nilipodanganya niliwatendea ubaya watu ambao sitawajua kamwe. Niliposema kweli nilimpoteza mtoto ninayejua mpaka jina alilokuwa ameandaliwa. Siku hizi kliniki huwapa wajawazito vidonge vya kinga bila kusubiri kuona mdudu, na ni jambo jema, nimewahimiza wengi. Lakini kila nilipoziona zile foleni za kliniki nilimkumbuka Mama Ndeshi na wawili wake, nikachanganyikiwa upya.

Tulikubaliana kwamba Dokta ndiye atakayemweleza Tunu. Akaahirisha, kisha akaondoka kurudi Ulaya mwezi wa kumi, akiwa amekonda zaidi. Basi jukumu likabaki kwangu. Lakini Tunu alikuwa amebadilika. Aliniona mlangoni akaingia ndani. Nikimsalimia alijibu akitazama chini. Nikasema moyoni, anajua, ananichukia, na ana haki. Kabla mwaka haujaisha alifungasha vyombo vyake akaenda kwa mama yake Lindi. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi nikiwa nimeshika kikaango chake kikubwa, na nikampa kikaango tu. Baadaye nilisikia amerudi, ameolewa upya, yuko Kigamboni. Pantoni la Magogoni huvuka kutwa kucha. Mimi sikuvuka.

Kumuaga Dokta, Ilala nilikwenda kwa mwendokasi, nikijiapiza njia nzima kwamba kama Tunu atakuwapo, leo nitasema. Alikuwapo. Alikuwa kwenye mkeka, upande wa wanawake, mnene kiasi, meno mawili hayapo, na sikumtambua mpaka aliponiambia nimezeeka kama kiatu. Tukapeana pole. Mama Ndeshi, mzee sana sasa, alikuwa ameketi karibu na jeneza akisinzia. Tulikula wali wa msiba kwenye sinia moja, tukaulizana wajukuu, na wakati mchungaji anajiandaa kwa sala nikaona kuwa nisiposema sasa nitaondoka nalo tena. Nikamwambia yote. Kwamba kabla ya wiki ile nilikuwa nawaandikia watu wadudu wawili hata wasipokuwapo. Kwamba kwake ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kusema kweli. Kwamba wadudu walikuwa kwenye kondo, nikawaona kwa macho yangu, na nikanyamaza miaka yote hii.

Tunu alikunja pindo la khanga yake, akalikunjua.

"Niliandikiwa wawili," alisema.

"Na nani?"

"Kesho yake. Homa ilizidi, nikaingia maabara ile ya ng'ambo. Wakaniandikia wadudu wawili, nikanunua vidonge." Alizungumza polepole, macho yako kwenye sinia. "Sikuvimeza, Somoe. Nilisema, Somoe amekaa na damu yangu nusu saa, hawa hata dakika tano hazikufika. Nikasema, Kariakoo nzima waongo, isipokuwa yule wangu. Nikaviweka chini ya godoro. Halafu mtoto akafa, nikasikia wauguzi wanasema malaria, narudi nyumbani, vidonge vipo palepale. Ulidhani nilikuwa nakuchukia? Nilikuwa naona haya kukutazama. Nilikwenda Lindi nisije nikakwambia kwamba nilimuua mtoto wangu kwa ukaidi."

"Hapana, Tunu. Ni mimi niliye..."

"Wewe uliona kweli."

"Na wewe uliniamini."

Watu walianza kusimama kwa ajili ya sala, nasi hatukusimama. Nilikuwa nalia, na sikujua kama namlilia Dokta, au mtoto, au vile vidonge. Tunu aliukamata mkono wangu, akaubana mpaka ukauma. Uso wake sikuweza kuusoma. Huenda alikuwa ameniwia radhi, huenda ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukasirika.

"Ungeniambia," alisema. "Tungegawana."